NASAHA KWA WATU WA PWANI WALIOKO MARA: KUPUMZIKA ZIWANI KATIKA SIKU ZA KRISMASI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeumba bahari na maziwa, akatiisha maji yabebe vyombo vya waja wake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na killa aliyewafuata kwa wema hatta siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, khasa nyinyi wenyeji wa Mombasa na Tanga, wa Pangani na Bagamoyo, wa Unguja na Pemba, wa Kilwa na Lindi, mliotoka makwenu kwa kazi na biashara mkakaa Musoma, au Bunda, au Butiama, na nyinyi mnaosafiri kwenda huko mwisho wa mwaka kuwazuru jamaa: jueni ya kuwa liko suala moja ambalo huzuka killa Desemba. Barazani hujibiwa na watu wa namna mbili. Mmoja hujibu kwa ukali pasipo ilimu, na wa pili hujibu kwa ulegevu pasipo khofu. Nasi twataka kulijibu kwa kadiri ya tulivyosoma kwa masheikh zetu, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

SUALA

Mtu wa pwani, Mwislamu, ana kazi yake Musoma. Ofisi zimefungwa kwa Krismasi, na shule zimefungwa kwa mwisho wa mwaka. Watoto wake wamemwomba awapeleke ufukweni mwa ziwa, wakae siku mbili tatu, wacheze mchangani na kula samaki. Na mkewe, ambaye ni binti wa Butiama aliyesilimu, amepata maneno kutoka kwa mama yake ambaye angali Nasara, ya kuwa angependa kuwaona wajukuu wake siku hizo, kwa kuwa ndizo siku watoto wote hurejea nyumbani. Je, mtu huyu akiwapeleka watu wake huko, atakuwa amesherehekea sikukuu isiyo yake? Na akiwazuia, atakuwa amewadhulumu?

JAWABU

Kwanza tuitenge siku na jambo lifanywalo katika siku hiyo, kwani wengi huchanganya mambo haya mawili. Sisi tuna Idi zetu mbili, Idi ya Fitri na Idi ya Kuchinja. Imepokewa ya kuwa Bwana Mtume, sala na salamu zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo tangu zama za ujinga, akawapa khabari ya kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku hizo kwa mbili zilizo bora kuliko hizo. Basi Mwislamu hana haja ya kuazima sikukuu, kama mtu mwenye nguo zake mbili nzuri asivyokuwa na haja ya kuazima ya jirani. Kwenda kanisani kwa ibada ya siku ile, na kuupamba mti sebuleni, na kuwavisha watoto nguo mpya kwa nia ya kuitukuza Krismasi, yote hayo si yetu, wala asiyapambe mtu kwa maneno ya kuwa ni mchezo tu.

Walakini kufungwa kwa ofisi si ibada. Ni amri ya serikali, nayo huwapumzisha wote, mwenye kuitukuza siku ile na asiyeitukuza. Sharia ya nchi yetu imezifanya Krismasi na siku ya pili yake kuwa za mapumziko, kama ilivyozifanya Idi zetu na Maulidi. Basi tujiulize: Nasara wa Musoma akipumzika siku ya Idi, akamchukua mkewe na watoto wake wakaenda ziwani, je, amesilimu kwa safari ile? Hapana aliyesema hivyo. Na Mwislamu naye, akitumia siku aliyopewa kwa jambo lililo halali, haingii kwa hilo katika dini ya watu wengine. Mambo yategemea nia, na wakati wote ni wa Mwenyezi Mungu. Hapana siku iliyo milki ya mtu hatta tuseme mwenye siku yake asipotupa idhini hatuwezi kucheka na watoto wetu.

KATIKA HAKI YA MKE NA WATOTO

Ndugu zangu, sisi watu wa pwani tuna ada njema nyingi, na tunayo moja mbaya. Mwanamume hutoka alfajiri, hurejea adhuhuri kula, hutoka tena, na jioni hukaa barazani na wenziwe hatta baada ya isha. Watoto wake humjua kwa sauti ya kukataza tu. Akija, redio huzimwa na kicheko hukoma. Naye akiambiwa khabari ya kuwatembeza, husema, "Hayo ni mambo ya Wazungu."

Si mambo ya Wazungu. Katika Sahihi ya Muslim imo khabari ya Hanzala, naye alikuwa mmoja wa waandishi wa Bwana Mtume. Alimlalamikia Sayyidna Abubakar ya kuwa anajikhofia unafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume huwa kana kwamba anaiona Pepo na Moto kwa macho yake, na akirejea nyumbani akacheza na mkewe na wanawe husahau mengi. Wote wawili wakaenda kwa Mtume. Naye hakumkemea, wala hakumwamrisha aache kucheza na watu wake, bali alimfahamisha ya kuwa moyo una saa ya hili na saa ya lile. Na imepokewa katika khabari ya Salman na Abu Dardai ya kuwa Mola wako ana haki kwako, na nafsi yako ina haki, na watu wako wana haki, basi umpe killa mwenye haki haki yake. Mtume alipoelezwa maneno hayo ya Salman, aliyasadikisha.

Na Bwana Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alimshinda, na baada ya muda, mwili wa Bibi Aisha ulipokuwa umeongezeka, Mtume akamshinda, akamtania ya kuwa wamelipana. Lakini tazameni, enyi wenye akili, jambo moja katika khabari hiyo ambalo wengi hulipita: kwanza aliwaamrisha watu watangulie mbele, ndipo wakashindana. Alicheza na mkewe, na alimsitiri mkewe. Mambo haya mawili yalikuwa pamoja. Mwenye kuchukua la kwanza akaacha la pili, amekosa. Na mwenye kushika la pili akaliua la kwanza, naye amekosa.

KATIKA KUMZURU MAMA MKWE WA BUTIAMA

Hapa ndipo palipo pazito, na ndipo nyumba nyingi huvunjika kimoyomoyo. Mwanamke aliyesilimu kwa ndoa au kwa uongofu wake mwenyewe hakukatwa na mama yake. Asmaa binti Abubakar alijiwa Madina na mama yake, ambaye wakati ule alikuwa mshirikina na wala si mtu wa Kitabu, akamwuliza Mtume kama yamfalia kumwunga. Naye akamwamrisha amwunge mama yake. Na Sayyidna Umar alipewa vazi la hariri, naye akampelekea nduguye aliyekuwa Makka ambaye bado hakusilimu. Na katika Sura ya Luqman Mwenyezi Mungu ametufunza ya kuwa wazazi wakitushurutisha kumshirikisha, tusiwatii katika hilo, na juu ya hayo tukae nao duniani kwa wema. Yamewekwa mambo mawili katika amri moja: ukweli katika imani, na wema katika makazi.

Basi ikiwa mama mkwe wako ataka kuwaona wajukuu, na nafasi ya pekee uliyo nayo ni siku hizo za Desemba, wapeleke. Waambie watoto kwa upole kabla ya safari: bibi ana dini yake nasi tuna yetu; tutamwamkia, tutamsaidia kuchota maji na kukata kuni, wala hatutaingia katika ibada yake. Wakiulizwa khabari ya Nabii Isa, nao waijue. Ni aibu kubwa mtoto wa Kiislamu kuwa bubu mbele ya jina la Isa bin Mariamu, na hali sisi tuna sura nzima yenye jina la mama yake, yenye khabari za kuzaliwa kwake pasipo baba, na uchungu ulivyompeleka Bibi Mariamu kwenye shina la mtende, na mtoto alivyosema angali mlezini. Mfundishe mwanao hayo, naye ataingia nyumba ile akiwa na jambo la kusema lenye heshima, wala hatakuwa na haja ya kubishana.

Ama chakula, tahadhari kabla ya kufika, wala usingoje sahani iwekwe mbele yako ndipo uanze kuhoji, ukamtahayarisha mzee wa watu. Chakula cha watu wa Kitabu tumehalalishiwa, isipokuwa nguruwe na pombe na mfano wa hayo yaliyo haramu kwa asili yake. Lakini katika nyama wanavyuoni wa madhehebu yetu wana masharti, na shaka ni nyingi. Njia iliyo salama na yenye adabu ni hii: chukua mbuzi wako au kuku wako kutoka Musoma au Bunda, uwe ndio zawadi yako kwa wakwe, kisha uombe uchinje wewe. Katika nyumba nyingi za bara Manasara wenyewe humpa Mwislamu kisu ili wageni wote wale pasipo kinyongo. Usiidharau hishima hiyo. Mwaka 2013 huko Buseresere, upande wa Geita, ugomvi wa kuchinja ulifika hatta damu ikamwagika na mchungaji mmoja wa kanisa akauawa. Kisu kile kile ambacho mahali pamoja huwaleta watu penye sinia moja, mahali pengine kimewapeleka makaburini. Na tofauti ni tabia za watu.

Wala asiseme mtu wa pwani ya kuwa Butiama ni mbali naye. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma skuli ya Mwisenge pale Musoma, na alipofika Dar es Salaam katika miaka ya 1950, mwalimu kijana asiye na jamaa mjini, waliompokea na kumtembeza katika majumba ni Waislamu wa pwani, kina Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz. Chama cha TANU kilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, Waislamu wa mji ule walikuwa katika safu ya mbele. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama kwa dini yake. Ikiwa wazee wetu waliweza kumkirimu Nasara wa Butiama pasipo kupunguza rakaa moja katika sala zao, je, sisi tutashindwa kumwamkia mama mkwe?

KATIKA SALA

Sasa tuje katika nguzo. Safari yo yote ipotezayo sala ni khasara, iwe ya ziwani au ya Hija. Na mtu wa pwani akiwa Mara hana budi ajue mambo manne.

La kwanza ni kibla. Mombasa na Dar es Salaam ziko karibu sana na mstari wa Makka, na kwa hiyo sisi tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja. Musoma iko magharibi zaidi, na kibla chake kimepinda kutoka kaskazini kuelekea mashariki kiasi cha digrii 14. Kwa hiyo usitandike mkeka mchangani kwa mazoea ya nyumbani. Uliza wenyeji, au tazama mihrabu ya msikiti wa mji.

La pili ni saa. Jua halifiki Musoma wakati linapofika pwani. Adhuhuri ya Musoma huingia nyuma ya ile ya Dar es Salaam kwa dakika 22 hivi, na magharibi ya mwezi wa Desemba huchelewa zaidi ya dakika kumi. Wako watu waliokuja na kalenda ya sala iliyopigwa chapa pwani, au simu yao ya mkononi ingali inahesabu saa za Dar es Salaam, nao husali adhuhuri kabla jua halijapinduka. Sala kabla ya wakati wake si sala. Na khatari hii itazidi katika miaka ambayo Ramadhani itaingia Desemba. Na kwa hesabu ya wanajimu, mwaka 2030 itaingia karibu na mwisho wa mwezi huo. Mwenye kufuturu Musoma kwa saa ya Dar es Salaam atakuwa amekula mchana.

La tatu ni kupunguza sala. Msafiri wa kutoka pwani hatta Mara ana rukhsa ya kupunguza na kukusanya akiwa njiani, kwani masafa yamepita marhala mbili mara nyingi. Basi mwambie dereva wa basi mapema, kwa maneno mazuri, akusimamishie penye maji. Lakini ukifika Musoma, ukiwa umenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, pasipo kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, safari yako imekatika, na sala ni timamu. Na mkaazi wa Musoma akienda Butiama, hayo si masafa ya kupunguza. Asidanganyike mtu kwa kuwa amebeba mkoba.

La nne ni Ijumaa. Tarehe 25 Desemba huweza kuangukia siku ya Ijumaa, kama mwaka 2026. Basi mkaazi wa mji asijifiche ufukweni na adhana inamwita. Maji ya ziwa yatakuwako baada ya sala.

KATIKA SITARA

Wengi wakihutubu khabari ya ufukweni husema na wanawake tu. Nami nasema na wanaume, kwa kuwa nyinyi ndio wasomaji. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Twamwona mtu amemfunika mkewe hatta vidole vya miguu, na yeye mwenyewe amesimama majini na kaptura inayoonyesha mapaja, akipita mbele ya mashemeji. Huyo amemwamrisha mwenzake wema akajisahau nafsi yake. Jisitiri wewe kwanza, ndipo neno lako litasikiwa.

Kisha chagua mahali na wakati. Pwani ya ziwa ni ndefu kutoka Musoma hatta ghuba za Bunda, wala si lazima ukae penye ngoma na chupa za pombe. Siku zile za sikukuu mahali pa starehe hujaa watu na ulevi. Meza inayonyweshwa pombe tumekatazwa kukaa nayo. Basi tafuta upande ulio mtulivu, nenda asubuhi jua likisha kupanda, uwe karibu na watu wako. Na kama hapana mahali pa sitara siku ile, basi ingojee ipite uende ya pili yake. Ziwa halihami.

KATIKA KUHIFADHI ROHO

Sikilizeni vizuri hapa, kwani katika mlango huu kiburi cha watu wa pwani kimewagharimu. Mtu wa Pemba au wa Lamu husema, "Mimi nimezaliwa baharini, ziwa kwangu ni bwawa." Amekosa. Nyanza hii ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, yaani ni zaidi ya mara 25 ya Unguja na Pemba zikiunganishwa, nayo iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,134. Tena maji yake ni baridi ya chumvi, yaani matamu, na maji matamu hayamwinui mtu kama yamwinuavyo maji ya bahari. Aliyezoea kuelea Pangani atajiona mzito Musoma. Halina kujaa na kupwa kwa kumfunza mtu saa za kuingia na kutoka, na tufani zake huja ghafla, khasa usiku na alfajiri. Mna mamba na viboko katika ziwa na katika mto Mara. Wavuvi wa pale wanajua pa kuoga na pasipo pa kuoga. Waulize, kwani kuuliza hakumpunguzii mtu ubaharia wake.

Mna tena maradhi ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wakaao penye maji yaliyotuama na matete, huingia mwilini kwa kupenya ngozi, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Basi usiwaache watoto wacheze matetani adhuhuri. Na ukirejea, ukaona shaka, wapeleke hospitali wapimwe, kwani dawa ipo. Na tazama hekima ya sharia yetu: Bwana Mtume alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na akakataza kwenda haja penye maji ya watu, na njiani, na kivulini. Leo waganga wanatwambia ya kuwa kichocho huenea kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa mkojo na choo cha watu kuingia majini, vikawafikia konokono. Laiti tungaliishika sunna hiyo moja, ziwa lingalikuwa safi zaidi. Basi mfunze mwanao adabu hii kabla ya kumfunza kuogelea. Na kuogelea nako mfunze, kwani kumetajwa katika michezo isiyohesabiwa upuzi.

Ama vyombo vya kuvukia. Kutoka Bunda watu huvuka Kisorya kwenda Ukerewe, na siku za sikukuu vyombo hujaa. Msisahau. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikaangamiza mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha kuchukua watu 101, na waliokufa walipita 220. Na sisi wa pwani tuna msiba wetu: tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikielekea Pemba, nayo imejaa kupita kiasi. Killa mmoja katika wale aliyepanda chombo kilichojaa alikuwa na sababu yake: sikukuu, mzigo, mgonjwa, haraka. Ukiona chombo kimejaa, teremka na watoto wako. Ukichekwa, chekwa. Alafu panda kitakachofuata, na watoto wavae jaketi za kujiokoa.

Wala asiseme mtu, "Aliyezama ni shahidi." Naam, aliyezama ana daraja ya shahidi kwa fadhila za Mola wake, lakini Mwenyezi Mungu amekataza tusijitupe katika maangamizo kwa mikono yetu, na Mtume alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mtoto mchanga hakuichagua safari. Aliyemweka juu ya ubao uliooza ni baba yake, na baba yake ndiye atakayeulizwa.

KATIKA MALI

La mwisho ni matumizi. Wako wanaokopa ili waonekane ziwani. Desemba ni mwezi wa nyama, na Januari shule hufunguliwa: zatakiwa sare, na madaftari, na viatu. Baba aliyekula pesa ya viatu ufukweni amewafurahisha wanawe siku tatu, akawahuzunisha miezi mitatu. Wake kwa waume wanajua ya kuwa furaha ya mtoto haikununuliwa kwa pesa nyingi. Mchanga ni bure, na maji ni bure, na sato mmoja wa kuchoma na ugali wa muhogo huwatosha watu wanne. Kitu cha ghali ambacho mtoto hukitaka ni baba yake akae chini naye, bila ya haraka na bila ya simu mkononi.

Na ikiwa una pesa ya safari moja tu, na mama yako mzazi yuko Pangani au Lindi, mzee, hujamwona miaka miwili, basi pima. Ziwa utalikuta mwakani, na mama huenda usimkute. Wengi wetu tuliokaa bara tumekuwa hodari wa kupeleka pesa kwa simu na wavivu wa kupeleka miguu. Mama hambusu mtu mkono kwa simu. Mwaka mmoja nenda kwa bibi wa pwani, mwaka mwingine kwa bibi wa Butiama, na ziwa liwe la siku ya Jumamosi katikati ya mwaka, kwani liko mlangoni pako.

KHITIMU

Kwa ufupi, enyi jamaa: kuwapeleka watu wako ziwani katika siku za mapumziko ya Desemba ni jambo la halali kwa asili yake, nalo hugeuka ibada kwa nia njema, na hugeuka maasi kwa kupoteza sala, au kuacha sitara, au kushiriki katika ibada isiyo yako, au kukaa na pombe, au kuitia roho khatarini. Kumzuru mama mkwe Nasara ni katika kuunga udugu, wala si katika kuacha dini. Na kukaa barazani ukiwakataza watu wako killa furaha, na wewe mwenyewe hujikatazi kitu, hakukuwa uchaji hatta siku moja.

Uislamu ulifika Nyanza kwa watu wa pwani waliokuja na misafara, wafanya biashara waliokuwa wachache katika nchi za watu. Hawakuwa na majeshi wala skuli kubwa. Walikuwa na amana katika mizani, na usafi katika mwili, na sala kwa wakati wake, na upole kwa wakwe zao. Wajukuu wa waliowaona leo ni Waislamu. Nawe uliyeko Musoma leo unatazamwa vile vile. Mama mkwe wa Butiama hatasoma vitabu vyetu, atakusoma wewe. Atatazama unavyomsemesha binti yake, na unavyoamka alfajiri pasipo kuwaamsha wageni kwa kelele, na unavyomshika mtoto mkono ukingoni mwa maji. Basi jihadhari asije akasoma ndani yako kitabu kisicho chetu.

Ewe Mola wetu, zijaalie safari zetu kuwa za kheri. Wahifadhi watoto wetu nchi kavu na majini. Walainishe mioyo jamaa zetu waelekee haki, nasi utulainishie ndimi zetu tusiwe sababu ya kuwafukuza. Wasamehe waliozama katika ziwa na katika bahari, na uwape subira waliobaki. Na utufishe juu ya Uislamu, na wake zetu na wazazi wetu wakiwa radhi nasi.

Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.